Zana Nane za Ekseli ya Pedeli, Kuanzia ya Aibu Hadi ya Heshima

Tunazungumzia baiskeli yenyewe, msomaji. Phoenix, Hero, Raleigh ya mzee: ile nyeusi ya chuma ambayo kranki zake zimefungwa kwa pini za kota. Kama yako ina gia 21 na rangi inayowaka, karibu usikilize, ila usichangie hoja.

Dalili unazijua. Kila ukikanyaga inalia ko-ko-ko, na kranki inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ndani kuna ekseli moja, vikombe viwili vya chuma na gololi 22 za robo inchi, 11 kila upande, zote zimezama kwenye grisi ambayo siku hizi ni tope. Kazi yenyewe si ngumu. Kigumu ni kukubaliana zana ipi ipewe kiti cha mbele. Mahakama imekaa, jaji ni mimi, na upendeleo ninao.

8. Sanduku la zana lenye vipande 100

Linang'aa hadi linatia huruma kulitumia. Ndani utakuta kifaa cha kung'olea kranki, utafurahi, kisha utagundua ni cha kranki za tundu la mraba, ukoo ulioanza na Stronglight ya Ufaransa mwaka 1933. Yako ni ya kota. Hata pa kukifungia hicho kifaa hapapo.

Hukumu: zawadi nzuri ya harusi.

7. Spana malaya

Inakwenda na kila nati na haitulii na hata moja. Aibu yake huanikwa kwenye kikombe cha kulia, ambako kingo za kushikia ni nyembamba. Spana inateleza, kingo zinakuwa duara, nawe unabaki na ngozi pungufu vidoleni. Najua utasema inategemea mkono. Sawa, ila mkono huohuo ukiwa na spana ya saizi kamili ungekuwa umeshamaliza, uko kwenye chai.

Hukumu: iende ikakaze tandiko.

6. Tindo na nyundo

Hapa natarajia mawe kutoka kwa mafundi wa chini ya mwembe. Upande wa kushoto kuna pete ya kufungia yenye mapengo pembeni. Fundi anaegemeza tindo kwenye pengo, anagonga mara tatu, imelegea. Haraka, bila gharama, na kazi inaonekana.

Shida ni kwamba kila fundi huacha sahihi. Zipo pete ambazo ukizisoma vizuri utajua zimepita mikononi mwa mafundi wangapi, na yupi kati yao alikuwa na njaa siku hiyo. Baada ya sahihi ya tano mapengo yamekwisha, na fundi wa sita anaanza kuchonga ya kwake.

Hukumu: ilistahili namba nane. Imepanda kwa heshima ya wazee.

5. Spana ya ndoano

Hii ndiyo iliyoumbwa kwa pete hiyo. Jino linaingia kwenye pengo, unavuta, basi. Wakati wa kufunga ndipo inapomwacha tindo mbali, maana inabidi ukizuie kikombe kwa mkono mmoja huku ukikaza pete kwa mwingine, la sivyo kikombe kinafuata pete na marekebisho yako yote yanapotea. Tindo na nyundo zimeshakula mikono yote miwili.

Hukumu: mkwe mwema. Hana kosa, na hana hadithi ya kusimulia barazani, ndiyo maana kaishia hapa.

4. Kikombe chako kibovu

"Hicho si zana!" Nimekusikia. Haya, nenda dukani mikono mitupu, sema "naomba kikombe cha baiskeli", uone utakachouziwa. Baiskeli nyingi za aina hii zina thredi 24 kwa kila inchi. Raleigh za Nottingham, kwa ukaidi wao, nyingi zilikuwa na 26. Kwa macho huoni tofauti. Kikombe cha 24 kitaingia kwenye Raleigh mzunguko mmoja, labda miwili, tena kwa tabasamu, kisha kitakwama. Ukilazimisha, unaharibu fremu na si kikombe tu.

Kwa hiyo toa cha zamani mfukoni, kikutanishe na kipya meno kwa meno, viinue kwenye mwanga. Ukiona mwanya, rudisha.

Hukumu: kinaaminika kuliko muuzaji, na hakina haja ya kukuita bosi.

3. Sinia la ubwabwa

Fungua kikombe cha kushoto bila kutandika kitu chini, uone gololi zinavyotawanyika. Utaokota 21. Ya mwisho iko kwa mtoto wa jirani mwenye manati, na haitarudi. Sinia lenye ukingo linazidaka zote, kisha unaziogesha humohumo kwa mafuta ya taa.

Gololi moja ikiwa na kovu, badilisha zote. Ukichanganya mpya na kuukuu, mpya zinakuwa kubwa kidogo, na hizo chache ndizo zitakazobeba uzito wako na gunia la mkaa. Wakati wa kurudisha, paka grisi nene ndani ya kikombe uzipandikize humo moja moja, zitatulia. Baada ya ya 11 utaona kinafasi kimebaki. Usishawishike. Hapo hapakuwekwa kwa ajili ya ya 12.

Hukumu: zana bora, mradi lirudi jikoni limeoshwa kabla mwenye jiko hajarudi.

2. Kipande cha bomba la maji

Sasa tugombane vizuri. Kota haitoki kwa maneno, hutoka kwa nyundo. Lakini ukiigonga wakati kranki inaning'inia hewani, pigo linapita kwenye ekseli mpaka kwenye gololi, na gololi zinachimba vishimo kwenye vikombe. Ulikuja kutibu ko-ko-ko, umeiongezea mwangwi.

Kata bomba la urefu wa kutoka sakafuni hadi chini ya kranki, lisimamishe wima, kota ipate pa kudondokea kwa ndani. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya kota ili thredi zisipondeke. Kisha piga pigo moja zito, si kumi za kubembeleza. Nguvu itashuka na bomba hadi ardhini na vikombe havitasikia habari.

Kuna watakaoniambia kipo kibonyezo maalumu kinachoisukuma kota polepole, na kwamba Park Tool ya Marekani iliwahi kukiuza. Kweli, na ni kizuri. Endelea kukitafuta. Sisi wa bomba tutakuwa tumeshafika Morogoro na kurudi.

Hukumu: ya pili, kwa tofauti ya kura moja. Kura ni yangu.

1. Bolti nene, nati na washa mbili

Kikombe cha kulia ndicho chenye kiburi kuliko vyote. Thredi zake ni za kushoto, kwa hiyo kinafunguka upande ambao nati nyingine zote hukazwa. Waliounda hawakuwa wanakutania: gololi zikizunguka chini ya uzito, hukisukuma kikombe kidogo kidogo kinyume cha mzunguko wa ekseli, na thredi za kawaida zingejifungua zenyewe njiani. Asiyejua hili hukaza kutwa nzima akiamini anafungua, huku akiita majirani waje kumsaidia kukaza.

Ekseli ikishatoka, pitisha bolti kutoka nje kwenye tundu la kikombe, washa moja nje, nyingine ndani, halafu nati. Ishikilie nati kupitia upande wa kushoto, kaza mpaka washa ziume kikombe. Sasa iachie nati na uendelee kuzungusha kichwa cha bolti upande uleule. Ndiyo, uleule! Ndio unaofungua kikombe, kwa hiyo kadiri kinavyogoma ndivyo kinavyozidi kubanwa. Kinajitoa kwa ubishi wake chenyewe. Marehemu Sheldon Brown wa Marekani aliieneza njia hii kwa wapenda baiskeli wengi, na bolti ya gereji ya malori inatosha.

Nyie wenye baiskeli za Kitaliano msinitukane. Najua kikombe chenu cha kulia kina thredi za kawaida. Simameni upande wa kushoto mkaze nati ya ndani badala ya kichwa cha bolti, kitatoka vilevile.

Hukumu: namba moja. Rufaa zinasikilizwa Jumapili tu, na mleta rufaa aje na grisi yake.