Mwongozo wa Kuwa na Dili Arusha

Mjini Arusha mtu anaweza kukosa kazi, shamba, hata kodi ya chumba, na bado akaheshimika. Asichoweza kukosa ni dili. Ukisalimiwa "Oya chalii, niaje?" kisha ukajibu "nipo tu", watu watakutazama kama mfiwa. Jibu la mjini ni hili: "Kuna dili nalifuatilia." Kwa wanaohamia leo, hatua ni tano.

Hatua ya 1: Jifunze sarufi

Neno ni la Waingereza, deal, na zamani kwao lilikuwa na maana ya fungu au sehemu tu. Hadi leo wakigawa karata hutumia neno hilohilo. Sisi tumelipa ngeli, dili hili, madili haya, na tukalitafutia vitenzi. Dili huchezwa, hupigwa, hutiki, hubuma. Likiwa sifa, lina maana ya kitu kinachotafutwa: "Siku hizi parachichi ndiyo dili." Likikanushwa, limemaliza mtu: "Yule jamaa siyo dili." Na uangalie unapoitwa mpiga dili. Kijiweni umesifiwa, lakini jukwaani kwa wanasiasa umetukanwa.

La muhimu zaidi ni wakati. Dili hukaa vizuri katika wakati ujao. "Litatiki" ni Kiswahili cha kila siku. "Limetiki" husikika kwa nadra, na anayelisema huzima simu jioni hiyohiyo.

Hatua ya 2: Jua ulikotoka

Usione aibu, ugonjwa huu una tarehe. Februari 5, 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka huohuo, katika vilima vya Mererani, likajulikana jiwe la buluu ambalo serikali inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la tanzanite. Basi mji ukapata Azimio na jiwe kwa mwaka mmoja. Tangu hapo mdomo wetu unakumbuka Azimio, na mfuko unakumbuka jiwe.

Hatua ya 3: Chagua mali, ila isiwe yako

Ukiuza ng'ombe wako, hiyo ni biashara, tena ya kishamba. Dili ni mali ya mtu mwingine, mnunuzi wa mtu mwingine, na cha juu chako. Zamani kazi ilikuwa rahisi: unasimama karibu na Mnara wa Saa, jiwe limefungwa kwenye kikaratasi, unanong'ona. Mwaka 2018 Mererani ikazungushiwa ukuta wa kilomita 24.5, na mwaka 2021 serikali ikaagiza tanzanite iuzwe hukohuko. Mawe yakaondoka mjini, vikaratasi vikabaki. Sasa tunanong'ona viwanja vya Ngaramtoni, magari yaliyoko bandarini, na kundi la wageni wanaotaka kupanda Kilimanjaro. Zingatia umbali. Kadiri mali inavyokuwa mbali na macho, ndivyo bei yake inavyopanda.

Hatua ya 4: Kaa mezani

Dili halielezwi kwa njaa. Agiza mtori na chapati kwanza, maelezo yafuate. Laza simu kifudifudi, watu wadhani ina siri. Mtaje "mzee mmoja wa Njiro", usimtaje jina. Hesabu iandike kwenye tishu, anza na cha juu, kisha rudi nyuma taratibu hadi kwenye mali. Ukiona huna la kurudia, acha hapohapo. Mwenzako akiuliza hela inatoka lini, mtazame kwa huruma, umwambie: "Wewe kunywa mtori, nyama ziko chini."

Hatua ya 5: Zika dili kwa heshima

Dili likibuma, kosa si lako kamwe. Mteja amesafiri. Mtu wa katikati ana tamaa. Kuna aliyekuchomea. Ukikosa sababu, nyoosha kidole kuelekea Meru. Asubuhi mlima ulionekana wote, sasa umejifunika mawingu, na hakuna aliyesema umehama. Dili nalo ni hivyohivyo, lipo, limejifunika tu. Kesho yake anza lingine kwa sauti ileile.

Onyo

Yuko mtu mmoja usimwige. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo na mfugaji, alipeleka mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la zaidi ya kilo 5. Serikali ikayanunua kwa takriban shilingi bilioni 7.7, na Rais Magufuli akampigia simu kumpongeza. Angalia makosa yake. Mali ilikuwa yake. Aliipeleka kwenye mizani badala ya mezani. Hela zenyewe akasema atajengea shule. Vijana wote wakianza hivyo, vijiwe vitafungwa.

Elimu hii sikuisomea darasani. Alinipa rafiki yangu, mezani kwa mama mmoja wa mtori, siku aliyokuwa na kiwanja cha mzee mmoja wa Njiro. Tulikunywa mabakuli mawilimawili. Nilipofika chini ya bakuli la pili nikakoroga kwa kijiko, nikakuta ndizi. Nikainua macho kumuuliza habari za nyama. Alikuwa mlangoni, simu sikioni, akinionyesha kidole kimoja kwamba dakika moja tu, mteja huyu hapa.

Dakika ikawa nusu saa. Mama akaja, akataja bei yake, nikatoa, akahesabu, akanirudishia chenji. Hakunong'ona wala hakuandika kwenye tishu. Kisha akasimama kidogo.

"Na zile chapati nne alizofungiwa mwenzako, kaka, unalipa wewe au zimo kwenye dili?"