Utukufu wa Kundi la Michango

Katika fasihi ya kale ya Wagiriki palikuwa na utanzu wa kusifu vitu ambavyo hakuna aliyedhani vinastahili sifa, na mwandishi Lucian, wa karne ya 2, alimsifu nzi kwa ufasaha uleule ambao wenzake walikuwa wakiuhifadhi kwa ajili ya wafalme. Mwandishi wa leo anayetaka kuufuata utanzu huo katika kata ya Kizota, upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, hana haja ya kuhangaika na nzi. Kila mkazi mwenye simu janja anacho mfukoni kitu kinachovuma kuliko nzi, ambacho kikifukuzwa hurudi, na ambacho hutua kwanza pale penye kidonda, yaani kwenye pochi: nacho ni kundi la michango la WhatsApp.

Kundi la michango ni jumuiya ya muda inayoundwa kwa ajili ya harusi, sendofu au msiba, ambamo mtu huingizwa bila kuulizwa, mara nyingi usiku, akaamka asubuhi na kukuta kwamba yeye ni mjumbe wa kamati ya harusi ya kijana aliyemwona mara ya mwisho akiwa darasa la 4. Kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina; ina bajeti inayotaja ukumbi, chakula, mapambo na keki; na ina ahadi, neno ambalo katika lugha ya kamati humaanisha kiasi ambacho mchangiaji anakitamka kabla hajawa nacho. Kuna kadi ya singo, inayomwingiza ukumbini mtu mmoja, na ya dabo, inayomwingiza yeye na mwenziwe, na hadhi ya mtu mtaani hupimwa katika umbali uliopo baina ya kadi hizo mbili.

Utukufu mkubwa wa kundi hili ni kwamba limeufuta udhuru. Zamani kadi ya mchango ililetwa kwa mkono, na mkono huo ulilazimika kubisha hodi, kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa na hazina ya majibu yaliyokubalika na pande zote: yuko shamba, amesafiri, au mtoto alitumwa mlangoni kusema baba hayupo, huku baba mwenyewe akimsikiliza kutoka chumbani. Hapa Dodoma, katika nchi ya Wagogo, ambako mvua ni chache na huja kati ya Desemba na Aprili, jibu la shamba lilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu hakuna mjumbe aliyethubutu kumlaumu mtu kwa kuwahi mvua. Mwaka 2014 WhatsApp ilileta tiki mbili za bluu, alama zinazomjulisha mtumaji kwamba ujumbe umesomwa, na tangu hapo shamba halimfichi mtu tena. Ni kweli kwamba alama hizo zinaweza kuzimwa katika mazungumzo ya watu wawili, lakini katika kundi haziwezi, jambo linaloonyesha kwamba waliozibuni waliielewa kamati ya harusi kuliko wanavyodhaniwa.

Kundi pia limeufuta umbali. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, walikuja watumishi wengi kutoka Dar es Salaam, na baadhi yao walikuwa na tumaini la siri kwamba kilomita zaidi ya 400 zingewapumzisha na ndugu. Kundi liliwatangulia kufika. Mtumishi aliyepanga chumba Kizota leo huchangia harusi ya Mbagala, msiba wa Moshi na sendofu ya nyumba ya jirani, yote kabla ya tarehe 15, kisha husikika akisema kwamba Dodoma maisha ni ghali.

Wapo wanaolilaumu kundi kwa kusambaza uongo, lakini lawama hiyo haizingatii elimu inayotolewa humo bila ada. Kundi la harusi likimaliza hesabu za siku hugeuka zahanati, kama ilivyokuwa mwaka 2020, enzi za Uviko-19 na nyungu, yaani mvuke wa majani yaliyochemshwa, ambapo kila mjumbe alikuwa na kipimo chake cha tangawizi na limau. Aprili mwaka huohuo WhatsApp iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi usambazwe kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja, nao wajumbe wakaupeleka kundi moja moja, kwa subira isiyoonekana katika ulipaji wa ahadi. Hata tapeli ana mchango wake. Ule ujumbe maarufu usio na salamu, "ile hela tuma kwenye namba hii", umewazoesha watu kukagua, ndiyo maana mweka hazina wa leo hatoi namba bila kuongeza "jina litatokea" na kulitaja jina lenyewe.

Panapotokea msiba, kejeli hii haina pa kusimama. Kabla matanga hayajapangwa, watu waliotawanyika katika mikoa minne huwa wamekwisha kupata fedha za jeneza na za gari. Na mtandao wa intaneti ulipozimwa nchini kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, waliokuwa wakilalamikia kelele za makundi walikuta kwamba kimya ni kizito zaidi, kwa kuwa katika kimya kile hakuna aliyejua nani yuko salama.

Mtandao uliporudi, orodha ya wachangiaji ilirudi, na orodha ndiyo moyo wa kundi. Haikai mahali pamoja, hunakiliwa. Mwenye kuahidi huigandamiza kwa kidole, huinakili yote, hushuka hadi chini, huongeza jina lake na kiasi, kisha huibandika upya. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, kila mmoja hubandika orodha isiyo na jina la mwenzake, na kundi linakuwa na orodha mbili za wachangiaji 41, ambapo wa 41 ni mama lishe katika moja na fundi seremala katika nyingine. Katibu akiichukua ya mama lishe, fundi aliyekwisha kulipa 50,000 taslimu anafutika, wakati mwenye ahadi ya tangu kikao cha kwanza, ambaye angetoa chochote isipokuwa mchango ili naye afutike, anabaki palepale nambari 7, bila tiki ya kijani ya aliyelipa mbele ya jina lake, asubuhi na jioni. Fundi hulalamika, mama lishe huomba radhi kwa kosa lisilo lake, na katibu huandika kwa herufi kubwa kwamba orodha sahihi ni hii ya mwisho. Kabla dakika haijaisha, mjumbe mwingine, aliyekuwa bado anahangaika kuinakili ile ya jana, anabandika yake.