Tairi la Picha na Tairi la Safari

Ukitaka tairi la kupigia picha, kazi ni nyepesi. Ingia dukani, chagua lenye kashata (vile vitofali vya mpira vya usoni) kubwa kuliko yote, lifunge, egesha pikipiki Coco Beach jua likizama, kunja mikono kifuani, piga. Pongezi zitamiminika kwenye simu kabla hujamaliza mishikaki yako. Kwa kazi hiyo huhitaji mwongozo wa mtu, na mimi sina la kukuongezea.

Lakini kama unataka tairi la kukutoa Dar es Salaam hadi Ziwa Natron na kukurudisha na meno yako yote, kaa hapa tuzungumze. Nimeona watu wenye akili zao wakilipa fedha nyingi kwa tairi lisilo lao, na jambo hili linaniuma, kwa sababu tairi ni mahali ambapo ubishi wa dukani unageuka kuwa goti lililovunjika.

Duka liache kwanza. Chukua karatasi na kalamu uandike njia yako kama ilivyo, si kama unavyoihadithia. Dar hadi Arusha kwa Chalinze na Segera ni kama kilomita 640, zote lami. Arusha hadi Mto wa Mbu kupitia Makuyuni ni nyingine kama 115, nazo lami. Kutoka hapo kwenda Engaruka hadi Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ndipo unakutana na zile kilomita mia na ushei ulizoziota: vumbi laini la majivu ya volkano, mawe yenye makali, makorongo yanayohama kila mvua ikinyesha, matuta ya rasta yanayolegeza nati, na vipande vya lami vinavyozidi kuongezeka. Jumlisha kwenda na kurudi. Katika kila kilomita saba, karibu sita ni lami. Mwanaume wa shoka, mla vumbi, mshinda majangwa, sehemu kubwa ya ushujaa wako utaufanyia Chalinze, nyuma ya lori la simenti!

Hesabu hiyo ndiyo inayowatia watu wazimu. Mmoja akiiona anasema basi nifunge tairi la lami, lidumu. Mwingine anasema sitaki kuanguka Engaruka, nifunge kashata. Muuzaji naye anaingia katikati na namba zake: hili ni nusu kwa nusu, hili ni themanini kwa ishirini. Namba hizo hazina mizani ya pamoja. Kila kampuni hujipimia yenyewe, na nusu ya kampuni moja inaweza kuwa robo ya nyingine. Ziheshimu kama maelezo ya jumla, basi.

Ukweli wa mpira ni huu: unaodumu na unaoshika haipatani. Mpira laini hushika lami na jiwe, na huisha upesi. Mgumu hudumu, na siku ya mvua utakukumbusha kuwa ni mgumu. Kashata ndefu zilizoachana huzama kwenye mchanga na kupata pa kushika, lakini juu ya lami kila kashata hujipinda, hupata joto na kulika. Watengenezaji wamejitahidi kusuluhisha ugomvi huu: wanaweka mpira mgumu katikati na laini pembeni, wanatia silika ili tairi lishike barabara ikiwa imelowa. Hata hivyo hakuna aliyeumaliza. Atakayekuambia tairi lake lina kila kitu, mwulize lina umri gani na limetembea wapi.

Tazama mawili yanayojulikana sana kwa wasafiri. Continental TKC 80 ni tairi la kashata hasa. Lina raha kwenye mchanga na changarawe, na hata kwenye lami lina adabu kuliko sura yake. Lakini la nyuma, kwenye pikipiki nzito kama BMW GS yenye mizigo, mara nyingi linakuwa limekwisha kabla ya kilomita 6,000. Heidenau K60 Scout, linalotoka kampuni ya mji wa Heidenau huko Ujerumani, wengi huvuka nalo 12,000. Siri yake katika saizi pana ni mkanda wa mpira unaozunguka katikati bila kukatika. Mkanda huo ndio unaolipa tairi maisha marefu, na mkanda huohuo ndio unaoteleza kwenye tope, kwa sababu pale katikati hakuna ukingo wa kuingia ardhini. Anayelisifu na anayelilaani wote wawili wanasema kweli, ila mmoja alipita kiangazi.

Kwa hiyo ushauri wangu, na nausimamia: acha kutafuta jozi inayofanana. Mbele nunua mshiko, nyuma nunua umri.

Sababu ni hii. Gurudumu la nyuma likiteleza, pikipiki inacheza mkia, moyo unaruka, na mara nyingi unaokoka kwa kutulia na kushikilia mafuta. La mbele likiteleza, unajikuta chini kabla hujajua nini kimetokea. La mbele ndilo linaloamua unaelekea wapi na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya breki. La nyuma kazi yake ni kusukuma, na nguvu ya injini ndiyo inayolisaga pale katikati. Kwa wengi la nyuma huisha mawili kabla la mbele halijaisha moja. Basi weka TKC 80 mbele na K60 nyuma, au jozi nyingine ya tabia hiyo. Utafika Ngare Sero usukani ukikutii, na ukirudi Segera la nyuma bado litakuwa na kitu. Sharti moja tu: usichanganye radiali na lisilo radiali. Tazama saizi ubavuni. Herufi R katikati ya namba ni radiali. Kistari au B si radiali. Hayo mawili niliyoyataja si radiali, yanakaa pamoja bila ugomvi.

Watakaokucheka kwa kuwa na matairi yasiyofanana ni walewale wa Coco Beach. Waache na machweo yao.

Sasa ndiyo uingie dukani, na hapa nenda polepole, kwa sababu hapa ndipo watu huibiwa wakitabasamu. Muuzaji atakushushia tairi, atalifuta vumbi kwa kiganja, atakuonyesha vile vinywele vya mpira vinavyochomoza juu ya kashata. “Kaka, hili jipya kabisa, si unaona bado lina nywele zake?” Ni kweli, lina nywele. Nywele zinathibitisha kwamba halijawahi kugusa barabara. Hazisemi lilizaliwa lini. Tairi linaweza kukaa ghalani miaka minane na nywele zake zote, mpira ukikauka taratibu kwa joto la Kariakoo. Mjibu kwa heshima: “Kaka, naomba tochi kidogo.” Kisha chuchumaa, tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate maandishi hadi mwisho wake, kwenye kidirisha cha namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine namba hizo zimepigwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi na upande wa pili kabla hujasema hazipo. Ukishazipata, bonyeza kashata kwa ukucha, kisha likunje kidogo pale kati ya kashata na kuchungulia chini. Ukiona nyufa nyembamba, rudisha tochi, shukuru, toka. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na lisivuke miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama sura yake bado nzuri. Mimi kwa safari ya mbali silipi bei ya jipya kwa tairi lililozidi miaka mitatu, na nywele zake wabaki nazo.

Ukiwa hapohapo chini na tochi, soma namba ya mzigo, kwa sababu masanduku matatu ya alumini, hema, jiko la gesi na shemeji yako aliyepanda nyuma vyote vina uzito. Namba 69 maana yake tairi hilo linabeba kilo 325. 72 ni kilo 355. Herufi inayofuata ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, V ni 240. Usishuke chini ya namba ya mzigo iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Herufi ya mwendo inaweza kushuka kwa matairi yenye alama ya M+S, na kwa barabara zetu 160 ni nyingi mno tayari.

Halafu kuna suala la tyubu, ambalo watu hulikumbuka wakiwa tayari wamekaa juani. Honda Africa Twin ya kawaida ya matoleo ya awali, Yamaha Ténéré 700 na Royal Enfield Himalayan 411 hutumia tyubu. BMW GS kubwa haitumii, hata ile yenye spoki, kwa sababu spoki zake zimefungwa kwenye ukingo wa ringi na hazitobei katikati. Tyubulesi ikipata pancha unachomeka utambi wa mpira wenye gundi, unajaza upepo, unaondoka. Ya tyubu inabidi gurudumu litoke. Usione hilo ni aibu: kijijini, fundi pancha anayehudumia bodaboda anaijua tyubu, ana kiraka na ana mikono mizuri kuliko yako. Asichokuwa nacho ni saizi yako. Bodaboda nyingi ni inchi 17 na 18, wewe mbele una 21, kwa hiyo tyubu ya akiba beba mwenyewe. Ukiwa na nafasi ya moja tu, beba ya 21. Katika dharura inakunjika na kuingia nyuma pia, hadi ufike mjini. Ya 18 haiwezi kukurudishia fadhila hiyo mbele.

Upepo ndio tairi la pili unalopewa bure. Kwa GS kubwa yenye mzigo kitabu kinataka psi 36 mbele na 42 nyuma, na kwenye lami tii. Ukiacha lami Mto wa Mbu, simama, shusha hadi kama 26 au 28. Tairi litalala kidogo, litakumbatia mawe badala ya kuyadunda, na mikono yako itakushukuru. Kwenye mchanga mzito unaweza kushuka zaidi. Mwenye tyubu asishuke sana palipo na mawe: ringi ikigonga jiwe tyubu inabanwa katikati na kutoboka matundu mawili pacha, na hapo hakuna kashata ya kukutetea. Ukirudi lamini jaza tena kabla hujafungua mwendo, maana tairi lenye upepo mdogo hujikunja, huchemka, na huliwa vibaya. Pampu ndogo na kipimo cha upepo vina thamani kubwa kuliko tofauti ya bei kati ya matairi mawili mazuri. Mwenye TKC 80 na hana kipimo cha upepo amenunua pambo.

Kuhusu tope nitasema kifupi. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna tairi. Unajaza nafasi zote za kashata ndani ya mizunguko michache, unapanda hadi kwenye madigadi, gurudumu linakwama. Watakuuzia kashata za kutisha kwa ajili ya masika. Hela hiyo kalale nayo gesti, ule wali maharage, usubiri jua siku mbili. Ukitaka kujua kama njia imekauka, waulize bodaboda waliopita asubuhi. Usiwaulize tairi gani likufae, maana pikipiki zao ni nusu ya uzito wa yako, ila habari ya njia wanayo sahihi kuliko ramani yoyote.

Ukifunga, simama pale fundi anapofanya kazi. Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu, na kwa baadhi ya matairi mshale wa mbele na wa nyuma huonyesha kashata zikielekea kinyume. Usimsahihishe fundi kwa macho, msomee mshale. Maji ya sabuni yatumike ili ukingo ukae bila kung'ang'ania. Likishajazwa, angalia ule mstari mwembamba ulioinuka karibu na ringi: uwe na umbali uleule kuzunguka pote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa, na kila kilomita litakunyanyua na kukushusha. Litolewe upepo, lipakwe sabuni tena, lijazwe upya. Fundi akikuambia litakaa lenyewe njiani, mwombe kwa upole lianze kukaa hapa.

Mwisho, tairi jipya huteleza. Uso wake bado una ulaini wa kiwandani, na kilomita 100 hadi 200 za kwanza halitaki kulazwa kwenye kona wala breki za ghafla. Kwa hiyo siku inayofuata usiondoke kwenda Natron. Nenda Bagamoyo, rudi, bila mashindano na mtu. Jioni tairi likiwa limepoa pima upepo, kagua ule mstari wa ringi, gonga spoki moja moja usikie kama kuna iliyolegea, na kashata za mbele zipapase kwa kiganja kutoka pande zote mbili. Kama kila kitu kiko sawa, funga mizigo.