Amina Bila Daftari

Ntsk! Jameni, Wakristo wa Longonot tumekuwa wepesi mno wa Amina. Picha ya mtoto mgonjwa ikiingia kwenye grupu la kanisa, Amina. Video ya nyumba iliyosombwa na maji, Amina, na mikono miwili ya kuomba. Chai haijapoa tumeshasahau mtoto alikuwa wa nani na nyumba ilikuwa kijiji gani. Mimi ni mtu wa kanisa na ni mtu wa kalamu, na jambo hili linaniuma pande zote mbili.

Hapa kijiweni makanga mmoja wa matatu za Nakuru alinibishia. "Sasa mzee, unataka tufanyeje? Si kuomba ndiyo kazi ya Mkristo?"

Ni kazi yake, kijana wangu, ila si yote. Wewe unapita Morendat kila siku. Unajua ni nani aliyekutwa ameuawa pale?

Hakujua. Ntsk! Na kosa si lake, ni letu wazee tuliojua tukanyamaza.

Basi sikilizeni. Padre John Kaiser alikuwa Mmarekani wa shirika la Mill Hill. Alifika Kenya 1964, akatumikia Kisii miaka mingi. Oktoba 1993 wakulima walipofurushwa Enoosupukia, maelfu yao wakakimbilia Maela, huku kwetu Naivasha. Kaiser akaenda kuwahudumia. Aliomba nao, akahangaika nao, na alichokiona akakiandika. Mwishoni mwa Desemba 1994 malori yalikuja usiku yakawazoa watu wa Maela kwa nguvu, wengine wakaenda kutupwa hadi Kirigiti, Kiambu. Na hilo pia akaliandika.

Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyokuwa ikichunguza mapigano ya kikabila, akawataja wakubwa wa serikali kwa majina. Ripoti ya tume hiyo ilikaliwa mpaka 2002 ndipo wananchi wakaiona. Yeye hakuiona. Asubuhi ya 24 Agosti 2000 maiti yake ilipatikana Morendat, kando ya barabara ya Nakuru, amepigwa risasi kichwani. Wapelelezi wa FBI walioitwa kusaidia wakasema alijiua. Maaskofu Wakatoliki wakakataa katakata. Agosti 2007 hakimu Maureen Odero aliamua kwamba padre aliuawa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Mama mwenye kibanda alikuwa anatusikiliza huku akimimina chai. Akasonya. "Ameandika, wamemuua. Hiyo kalamu ilimsaidia nini?"

Swali zito hilo, mama, na halijibiwi kwa mkato. Kalamu haikumwokoa Kaiser. Lakini kitabu chake, *If I Die*, kilichapishwa Nairobi 2003, yeye akiwa kaburini. Leo mjukuu wa mtu aliyepakiwa kwenye lori la Maela anaweza kukifungua akajua kwamba babu yake hakuota. Aliyewafukuza watu wa Maela alitaka hata habari yao ipotee, ionekane hawakuwahi kuwapo. Padre alikataa, kwa sababu aliamini kila mmoja wao ana sura ya Mungu, na mtu mwenye sura ya Mungu hafutwi kama chaki ubaoni. Hiyo ndiyo imani ninayoijua mimi: inapiga magoti, kisha inainuka na kuweka ushahidi.

Sasa tujitazame sisi. Kile kituo cha madishi makubwa ya setilaiti kilichojengwa hapa Longonot kilianza kazi 1970, na wakati huo kuongea na ng'ambo kulikuwa jambo la wachache. Leo kila mtu ana simu mfukoni, na kijana wa bodaboda anarusha picha ikafika Toronto kabla hajakata kona. Vyombo tumejaliwa. Kinachotushinda ni subira ya kuuliza: jina lake nani, ilikuwa siku gani, nani alikuwepo, nani alionya akapuuzwa?

Mnakumbuka Kamuchiri, hapo Mai Mahiu tu. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipasua njia, yakashuka na matope, magogo na mawe juu ya watu waliolala. Walikufa zaidi ya watu 50. Video zilisambaa nchi nzima. Tulilia, tukachanga, tukazika, na hayo yalikuwa mema. Lakini nauliza kanisa langu na nauliza makanisa yote ya bonde hili: daftari liko wapi? Majina yote ya waliokufa tumeyaandika wapi, na ya watoto je? Nani amekaa na walionusurika akaandika walichosikia usiku ule, na nani kati yao alikuwa amesema kalvati ya chini ya reli imeziba? Video zile nyingi zimeshafutwa ili simu ipate nafasi ya nyingine. Ntsk, ntsk!

Msiniambie kuandika ni kazi ya wasomi. Luka anaianza Injili yake kwa kueleza kwamba alifuatilia mambo kwa makini tangu mwanzo ndipo akayapanga. Hakutosheka na uvumi wa sokoni. Bila kazi ile ya mikono yake, tungekuwa tunahubiri nini Jumapili?

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na nitalisema hata mkichoka kunisikia. Kila kanisa, kuanzia Mai Mahiu hadi Naivasha, linunue daftari moja lenye jalada gumu. Vijana wa kwaya wanaojua kuchapa waingize nakala kwenye kompyuta. Mafuriko yakija, mtu akifurushwa shambani, msichana akiumizwa kazini kwenye mashamba ya maua, wazee wawili waende, wasikilize, waandike jina kwa ruhusa ya mwenyewe, tarehe, mahali na alichosema. Mara moja kwa mwaka daftari hilo lisomwe madhabahuni, mbele ya watu wote na mbele ya Mungu. Na tukimaliza kusoma, ndipo sote tuseme Amina, tukijua tunamwombea nani.