Namna ya Kumshinda Mtu kwa Hoja, Mtindo wa Paris 1270

Tafuta swali kwanza, hata dogo. Thomas wa Akwino, mtawa mnene ambaye wanafunzi wenzake walimwita ng'ombe bubu, aliuliza ndani ya kitabu chake Summa Theologiae iwapo kuoga na kulala hupunguza huzuni. Akajibu kuwa ndiyo. Bibi yangu alilijua hilo bila Kilatini.

Ukishalipata swali, usijibu. Mtetee kwanza mpinzani wako: "Inaonekana kwamba sivyo." Kisha mpangie hoja tatu, nzuri kuliko alizokuja nazo. Hatua hii inauma. Wengi wetu tukimaliza kueleza maneno ya mpinzani, hata mama yake mzazi hayatambui.

Halafu tamka "Lakini kinyume chake," umwite mkubwa akusimamie: Maandiko, Augustino, au Aristotle. Huyu wa mwisho usimtaje jina. Sema "Mwanafalsafa", inatosha. Ibn Rushd, Mwislamu wa Córdoba aliyemfafanua, ni "Mfafanuzi". Usishangae kuwakuta hapo. Mwaka 1210 Paris ilipiga marufuku kufundisha vitabu vya Aristotle kuhusu maumbile. Kufikia 1255 vilikuwa vya lazima.

Sasa sema "Najibu," na silaha yako ni moja tu: tofautisha. Ukiulizwa kama mkate wa altare baada ya kuwekwa wakfu bado ni mkate, usikimbilie ndiyo wala hapana. Kuna kitu chenyewe, na kuna sifa zake: rangi, ladha, uzito. Sifa zimebaki palepale, kitu chenyewe kimegeuka. Mkatoliki anayepiga goti leo mbele ya Ekaristi anapiga goti juu ya tofauti hiyo, ajue asijue.

Rudi kwa zile hoja tatu, uzijibu moja moja. Deni ni deni.

Wakikucheka kwamba unahesabu malaika kwenye ncha ya sindano, waambie hiyo ni dhihaka ya Waprotestanti wa Uingereza, karne ya 17. Thomas aliuliza tu kama malaika wengi waweza kuwa mahali pamoja. Alisema hapana.

Mwisho, jihadhari na askofu. Tarehe 7 Machi 1277, miaka mitatu kamili tangu Thomas afariki, Étienne Tempier wa Paris alilaani hoja 219, baadhi zikifanana mno na za marehemu, ambaye mwaka 1323 alitangazwa mtakatifu. Thomas mwenyewe aliweka kalamu chini Desemba 1273, akimwambia katibu wake kwamba yote aliyoandika ameyaona kama mabua. Summa ikakatikia kwenye sakramenti ya kitubio.