Saa ya Sake

Wasafiri wasio na shukrani husema jogoo wa Sake wanapiga kelele. Uzushi mtupu. Mji huu, kilomita kama 25 magharibi ya Goma, pale njia ya Masisi inapoachana na ile ya Minova, umejaliwa watumishi wa umma wasiolala, wasiodai mshahara, na ambao hawajawahi kugoma.

Usiku niliolala huko, wa kwanza alianza saa saba. Mwepesi wa hasira angesema amekosea. Mimi nilihesabu kwa vidole: Jakarta muda huo ni saa kumi na mbili asubuhi. Ndege alikuwa sahihi kabisa. Na maadamu Kinshasa yenyewe iko nyuma ya Kivu kwa saa nzima, nani ana haki ya kumfundisha jogoo majira?

Saa nane alirudia, kwa faida ya waliopitwa. Kisha wenzake wakaitikia kwa vyeo. Watafiti wa Japani walishaonyesha mwaka 2015 kwamba mkubwa huwika kwanza, wadogo hufuata. Katika eneo lenye makamanda wengi hivi, adabu ya kungoja zamu inaburudisha.

Saa kumi na moja, chukudu za makala zikianza kuteremka na mimi nikihitaji kweli kuamshwa, wote kimya. Wamechoka, masikini.

Asubuhi nilimpongeza mama mwenye nyumba, nikamwuliza bei ya yule mkubwa wao, na kama anapatana zaidi na sombe au ndizi.

“Huyo hauzwi, papa,” akanijibu. “Ndiyo saa yetu.”