Mwenye Nyumba Wangu Anasoma Gazeti la London

Jamani, ukitafuta chumba Dar, panga kwa mtu asiyesoma Kiingereza. Mimi nimepanga Manzese kwa mstaafu anayetumiwa The Economist na mwanawe aliyeko Ulaya. Anasoma yeye, naumia mimi.

Mei 2000 likaja lenye jalada jeusi tii. Ramani ya Afrika, ndani yake kijana kabeba roketi begani. Eti bara lisilo na matumaini. Bara zima! Sawa, Sierra Leone waasi wa RUF walikuwa wamewateka askari wa Umoja wa Mataifa, si jambo la mchezo. Lakini kutoka kwao Freetown hadi kitandani kwangu ni zaidi ya kilomita 5,000. Na mimi sijawahi kuteka hata kuku. Mzee akatazama jalada, akanitazama mimi juu ya miwani, akarudi kwenye jalada.

"Kijana, kuanzia sasa kodi ni miezi sita mbele. Hamtabiriki."

Hamtabiriki akina nani? Yeye mwenyewe mzaliwa wa Kilosa! Ila akishika lile gazeti basi, kashahamia London, huku kaniacha peke yangu na Afrika yote.

Nikamtafuta aliyeandika, nimpe salamu zake. Wapi! Gazeti lipo tangu 1843, tahariri zake hazina jina la mtu. Mtaani kwetu ukimsema jirani, kabla ya magharibi ashajua ni wewe. Wale wanasema bara zima na hawajulikani. Nikalipa.

Desemba 2011, bahasha nyingine. Tiara lenye umbo la Afrika linapepea angani, rangi tele. Afrika inainuka! Uchumi unakua, simu za mkononi kila kona, vijana kibao. Toleo hilohilo likakiri kwa majuto lile neno la mwaka 2000. Majuto yakaishia London, Manzese hakuna aliyekuja kunirudishia hata senti.

Nikajipapasa nione nimeinuka wapi. Mfukoni, hola. Dukani kwa Mangi, jina langu limejaza daftari la madeni mpaka anaandika pembeni. Na mwaka ule umeme ulikuwa wa mgawo, kwa hiyo huko kuinuka nilisomewa gizani. Mzee alikuja na tochi, akaimulika tiara, kisha akanimulika mimi usoni.

"Kumbe mambo yenu mazuri! Kodi inapanda."

"Mzee, hizo ni hesabu za nchi 54, wengine wana mafuta!"

"Unawazidi waandishi wa London?"

Nitawazidi wapi, mimi hata jalada nasomewa. Nikalipa tena, nusu yake ya kukopa. Ila wakati anaandika risiti nikajikaza kiume, nikamuuliza: je, gazeti likisema tumeanguka tena, kodi itashuka?

Akalamba kidole, akachana risiti.

"Likisema hivyo, utalipa mwaka mzima mbele."